Maigizo Yasiyoandikwa ya Kumbi za Dar

Ebrahim Hussein alipoandika *Kinjeketile* mwaka 1969, tamthilia ya Kiswahili ilipata maandishi ambayo wanafunzi bado wanayasoma. Lakini watu wengi wa Kinondoni, Magomeni na Temeke walikutana na maigizo kwa njia nyingine. Walikata tiketi mwishoni mwa wiki, wakaingia ukumbini au kwenye ua wa baa, wakatazama kisa ambacho hakikuwa kimeandikwa popote.

Makundi yalikuwa mengi. DDC Kibisa lilikuwa la Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Muungano lilianzishwa mwaka 1980 na Norbert Chenga. Na mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, likazaliwa TOT (Tanzania One Theatre) la CCM chini ya Kapteni John Komba. Onyesho moja lilikusanya ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu.

Igizo lilitungwa kwa mdomo. Kiongozi alieleza kisa, akagawa nafasi: huyu mume, huyu mke mdogo, yule mganga. Maneno kila mtu alijitafutia jukwaani. Ufundi mkubwa ulikuwa kusikiliza. Watazamaji walizomea, walicheka, walimwonya mke asimwamini shoga yake, na mwigizaji hodari alirefusha zogo lilipokolea au kulikata watu walipoanza kupiga soga zao. Kisa kilichorudiwa ukumbi hadi ukumbi kilikuwa kimeshahaririwa na mamia ya watu. Hiyo ni shule kamili ya uandishi, na inasikitisha kwamba haitajwi vya kutosha katika historia ya filamu zetu.

Katika taarabu, ugomvi wa nyumbani uliokuwa umeigizwa ulipata sauti ya wimbo. Miaka ya 1990 Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis Kidogo wa Muungano walirushiana mipasho, jiji likagawanyika. Mwanamke aliyepanda kumtunza mwimbaji aliweza kuuelekeza ubeti kwa mbaya wake aliyeketi mezani, bila kumtaja jina. Anayetaka kuandika mchezo wa muziki aanzie hapo: wimbo huo ulifanya kazi, ulimshambulia mtu, na baada yake mambo hayakuwa kama awali.

Televisheni zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, wasanii walikuwa tayari. Kaole Sanaa Group likajaza sebule za watu kupitia ITV, na humo akapita mwigizaji Steven Kanumba. Mwaka 2003 mwongozaji George Tyson akatoa *Girlfriend*, filamu iliyomweka TID na wenzake wa Bongo Fleva mbele ya kamera.

Mazoea ya kutunga papo hapo yalihamia kwenye filamu, ila watazamaji wakabaki nje. Wahusika walizungumza sebuleni dakika baada ya dakika, hakuna wa kuwazomea, na kisa kimoja kikauzwa kwa sehemu mbili. Wakosoaji walidai skripti, na walikuwa na haki. Hata hivyo skripti peke yake hairudishi lile sikio la ukumbini. Mwandishi wa Mbagala au Tandale anaweza kuwakusanya majirani uani, akawapa marafiki nafasi zao, wakakiigiza kisa kabla ya kukodi kamera, na akaweka alama kila mahali mtu anapotoa simu mfukoni.