Kabla ya mkopo wa simu kulikuwa na bei ya khiyari

Jomvu Kuu, pwani ya Kenya, siku hizi mwenye kudai habishi hodi. Anatuma ujumbe. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilipochapishwa Machi 18, 2022, zilikataza jambo ambalo wengi walikuwa wamelionja: mkopeshaji kuchota majina kwenye simu ya mdaiwa, kisha kumpigia mkwewe na jirani yake ili aaibike. Ilisemwa kana kwamba sheria ya kumkinga mkopaji ndiyo kwanza inazaliwa. Mwambao huu uliwahi kuigombania, tena kwa karafuu.

Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu Unguja na pwani ya Kenya, anatupeleka shambani. Rehani zilikuwako zamani, lakini utumwa ulipofutwa, Unguja na Pemba mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, mwenye shamba alizidi kubanwa. Sasa wachumaji walitaka malipo. Fedha alizipata kwa mfanyabiashara wa Kihindi, dhamana ikiwa shamba.

Kwa Waislamu riba ni haramu, basi ikatumika bei ya khiyari. Hati ilisema shamba limeuzwa. Muuzaji alikuwa na khiyari ya kulikomboa kwa bei ile ile kabla ya muda fulani, na kwa sasa alibaki humo humo akilipa ijara. Ijara hiyo ilikuwa riba iliyovishwa kanzu. Muda ukipita, mali imekwenda, na hati haina kosa.

Huku Kenya serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya mikopo kwa "wenyeji" mwaka 1903, ikairudia 1926 na 1948, hadi ilipofutwa 1960. Deni la zaidi ya shilingi 200 halikudaiwa mahakamani bila idhini ya afisa wa serikali. Kinga hiyo ilimfungia duka Mwafrika aliyetaka kununua bidhaa kwa mkopo. Wajomvu, mojawapo ya Tisa Taifa, walikuwa pamoja na wenzao wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, katika ubishi mrefu na serikali kuhusu kama wao ni "wenyeji" au la.

Unguja ndiko kulikowaka moto. Bei ya karafuu ilianguka miaka ya 1930, na maafisa wawili, Bartlett na Last, wakaandika ripoti kuhusu madeni ya wakulima. Mwaka 1934 zikashuka amri kwa mfululizo: shamba la Mwarabu au Mwafrika lisihamishiwe mtu wa jamii nyingine bila ruhusa ya Balozi Mkazi, wakopeshaji wawekewe masharti, na kudai madeni kusimame kwanza. Wahindi wakasema wanaibiwa kwa sheria. Serikali ya India ikamtuma K.P.S. Menon kuchunguza, naye akawaunga mkono. Ukweli ni kwamba amri ile ya mashamba ilipima watu kwa kabila, si kwa ukubwa wa riba.

Mwaka 1937 chama cha wakulima wa karafuu kilipokabidhiwa biashara ya kuuza nje, wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja waligoma kununua, na Chama cha Congress huko India kikatangaza kususia karafuu za Zanzibar. Soko likakauka. Serikali iliyojiona imeshika mpini ikaketi kuzungumza, na Mei 1938 mapatano yakafikiwa. Mwaka huo huo ikatoka amri ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni, na rehani zikapitiwa upya.

Yaliyofuata huku Kenya miaka mingi baadaye yanajulikana. Tangu 2007 riba ya benki kwa mkopo ulioshindikana haitakiwi kuzidi deni lililobaki. Mwaka 2016 riba ikawekewa kikomo, na mwaka 2019 kikomo kikaondolewa. Katikati ya hayo simu ikawa benki, na shailoki wa mtaani akapata mshindani asiyelala.

Kanuni za 2022 zinamzuia mkopeshaji kutukana na kutisha. Sheria ya ufilisi ya 2015 ina njia ya mdaiwa mdogo kuomba amri ya kulipa kwa awamu, lakini ulizia Jomvu Kuu, kuanzia kituo cha bodaboda hadi baraza la msikiti, uone ni wangapi wamewahi kuisikia. Matangazo ya mkopo wa papo hapo, hayo yanajulikana hata na watoto.