Kuserikalisha si Kutaifisha

Kuna karatasi iliyogawiwa hapa Amagoro na kule Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kueleza pendekezo kwamba serikali ishike yenyewe biashara ya kuleta mafuta nchini ili bei ishuke. Mfasiri wake aliandika "utaifishaji wa mafuta" katika aya ya kwanza na "unyakuzi wa sekta" katika ya pili. Katika ya tatu, baada ya kupekua orodha ya istilahi iliyotungwa na kamati ninayoijua vyema, akaweka "uhamishaji wa umiliki kwenda dola". Maneno matatu kwa jambo moja, na hakuna hata moja linalolitaja jambo lenyewe. Neno linalolitaja lipo. Ni kuserikalisha, na jina la tendo hilo ni userikalishaji. Nililipeleka mbele ya kamati hiyo kwa maandishi, likarudishwa bila sentensi moja ya sababu. Sasa nalileta kwa wasomaji.

Kutaifisha ni neno zuri, nami sitaki lidhulumiwe. Tulilipata taifa kutoka Kiarabu, lakini Waarabu wenyewe wanapolitamka hawamaanishi nchi. Kwao ni kundi au madhehebu, na Mlebanoni akisikia mnyambuliko wake hufikiria ugomvi wa madhehebu kabla ya kufikiria bendera. Mzizi wake ni ule ule wa tawafu, kule kuzunguka Kaaba: taifa ni watu wanaozunguka pamoja. Kiswahili kikalichukua kundi hilo dogo kikalikuza hadi likaenea nchi nzima. Waarabu walipohitaji neno la tendo hili waliliunda kutokana na umma, na ndilo lililovuma Julai 1956 Gamal Abdel Nasser alipoutwaa Mfereji wa Suez. Wairani, waliotangulia katika mafuta hasa, walipoitwaa kampuni ya Waingereza mwaka 1951 chini ya Mohammad Mosaddegh walitumia neno la mzizi mmoja na mila yetu. Basi katika lugha hizo mbili mwenye mali anayetajwa ni watu: umma kwa Mwarabu, mila kwa Mwirani. Mswahili naye akasema taifa. Hakuna kati yao aliyesema serikali, na huo ndio msingi wa hoja yangu.

Serikali imetujia kutoka Kiajemi. Sar ni kichwa, kar ni kazi; sarkar ni mkuu wa kazi, yule anayesimama mbele ya vibarua akiwaelekeza. Neno likapita Bara Hindi, likavuka bahari, likafika pwani yetu likiwa limevaa kanzu ya utawala, lakini ndani yake bado yumo msimamizi. Msimamizi hamiliki shamba. Hushika funguo, huandika hesabu na kujibu kwa mwenye mali. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 62, inasema jambo hilo hilo kuhusu madini na mafuta yaliyo ardhini: yamo mikononi mwa serikali ya kitaifa kama amana kwa niaba ya watu. Anayepewa amana si mwenyewe.

Tuangalie basi yaliyotendeka. Azimio la Arusha la 1967 liliyataja mafuta na nguvu za umeme miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa mikononi mwa wakulima na wafanyakazi kupitia serikali yao. Mabenki yakatwaliwa, vinu vikatwaliwa, na neno kutaifisha likaingia kinywani mwa kila msikiliza redio. Lilistahili, kwa sababu lilibeba dai la kisiasa juu ya nani ni mwenye mali. Uganda ilifuata tarehe 1 Mei 1970, Milton Obote alipotangaza uwanjani Nakivubo kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya kampuni kubwa, zile za mafuta zikiwemo. Idi Amin alipompindua mwaka uliofuata aliipunguza sehemu hiyo.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Waraka wa Bunge namba 10 wa 1965 uliweka wazi kwamba mali ya mtu haitatwaliwa ovyo wala bila fidia. Hata hivyo serikali ikawa inaingia katika mafuta kwa mlango wa pembeni. Kampuni ya Bomba la Mafuta iliundwa 1973, bomba likaanza kusafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi 1978, na baadaye likafika Eldoret na Kisumu. Shirika la Taifa la Mafuta likaanzishwa 1981 na kupewa kazi ya kuleta sehemu ya mafuta ghafi, hadi soko lilipofunguliwa 1994.  Ni nani aliyeyaita haya utaifishaji? Hakuna, na walifanya vyema. Lakini hakuna aliyeyapa jina lingine, na kwa kukosa jina mwananchi akakosa namna ya kuyauliza maswali. Serikali ilikuwa inaserikalisha.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa juzi. Bei zilipopanda na dola zikaadimika, Machi 2023 Kenya iliingia mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni tatu za Ghuba: Aramco ya Saudia, ADNOC ya Abu Dhabi na ENOC ya Dubai. Aramco yenyewe ndiyo mfano halisi wa kutaifisha: serikali ya Saudia ilinunua asilimia 25 mwaka 1973, ikafika 60 mwaka 1974 na kumaliza yote 1980. Upande wetu hakuna aliyenunua chochote. Serikali ilichagua nani auze na malipo yakae muda gani, huku matangi, vituo na malori yakibaki mali ya wenyewe. Uganda ikaenda mbali zaidi. Ilibadili sheria yake ya mafuta 2023 ili shirika lake la taifa, UNOC, liwe mwagizaji wa pekee, likipata mafuta kutoka kampuni ya Vitol. Kenya ikasita kulipatia shirika hilo leseni, Uganda ikaishtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, na 2024 nchi mbili zikapatana. Nimesikia wasomi wakisema Uganda "imetaifisha mafuta". Imetaifisha kitu gani? Kituo cha mafuta upande wa pili wa daraja la Malaba bado kina mwenyewe, na mwenyewe huyo bado ananunua na kuuza. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia, ambao sasa unasimamiwa na serikali. Huo ni userikalishaji mtupu.

Hapa mpakani kosa hili la msamiati lina madhara. Dereva anayepakia Eldoret na kupanga foleni barabarani kuelekea Malaba, sili ya kielektroniki ikiwa imefungwa kwenye vali ya tangi lake, anaelewa kutaifishwa kwa namna moja tu. Amelisikia kutoka Tanzania, ambako mahakama huamuru mali ya magendo "itaifishwe", yaani iende kwa serikali bila malipo. Ukimwambia mafuta yatataifishwa, anajua lori litashikwa. Mama anayeuza petroli ya mtungi kwa waendesha boda boda naye anajua hivyo hivyo. Watu hawa wanaujua uchungu wa mafuta kuliko kamati yoyote. Januari 2022, madereva walipokataa kulipia vipimo vya korona mpakani, malori yalisimama na bei nchini Uganda ikapita shilingi 10,000 kwa lita katika baadhi ya miji. Oktoba 2023 lita moja ya petroli ilifika shilingi 217.36 Nairobi, miezi michache baada ya kodi ya ongezeko la thamani kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Watu wa namna hiyo wana haki ya kuambiwa kinachopendekezwa kwa neno lisilowatisha wala kuwahadaa.

Yupo mtaalamu, simtaji, anayetaka tufuate Waarabu na kusema "uummishaji". Ajaribu kulitamka mbele ya watu aone watakavyosikia uumizaji. Wengine wamenijibu kwamba userikalishaji ni neno refu. Limelizidi ubinafsishaji kwa herufi moja, na ubinafsishaji linatamkwa kila siku Bunge linapojadili kuuza mashirika, kama lilipokubali mwaka 2025 kwamba asilimia 65 ya Kampuni ya Bomba iuzwe. Tena sarufi yake haina kasoro: kamili hutoa kamilisha, halali hutoa halalisha, serikali hutoa serikalisha. Wanaodai kwamba watu hawatalipokea wamesahau wako wapi. Boda boda ilizaliwa mpaka huu huu wa Busia, miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipokuwa wakiita abiria wa kuvuka kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine kwa kulirudia neno la Kiingereza la mpaka. Leo Afrika Mashariki nzima inalitumia, na hakuna kamati iliyolipitisha.

Kwa matumizi: serikali inaserikalisha uagizaji, uagizaji umeserikalishwa, mwenye kutaka hivyo ni mserikalishaji. Serikali ikipanga tu bei ya juu isivukwe, kama Kenya ilivyofanya tangu Desemba 2010, huko si kuserikalisha. Ni bei kikomo, na neno hilo Watanzania wamekwisha kutupa.

Tofauti hii si mapambo ya lugha. Anayetaifisha hubadili mwenye mali, na Katiba ya Kenya, ibara ya 40, inamdai fidia ya haki ilipwe mara moja na kwa ukamilifu. Anayeserikalisha hubadili msimamizi tu, na anaweza kufanya hivyo kwa kanuni ya waziri pasipo kumlipa mtu hata senti. Mwananchi anayeambiwa la kwanza wakati kinachofanyika ni la pili atadhani amepata mali, kumbe amepata msimamizi mpya, na bei itakapokataa kushuka hatajua amshike nani. Wahariri na watangazaji wa kaunti hii, na ninyi mnaofasiri nyaraka za vikao vya umma, liandikeni neno kuserikalisha katika kikao kijacho cha mafuta. Kamati italikuta limekwisha kuenea.