Mashua Mbili Zilizopanda Mlima

Tukitaja vita ya 1914-1918, wengi wanafikiri mara moja nchi za Ulaya: Ubelgiji, Ufaransa, matope na mahandaki. Wanasema: «Ile ilikuwa vita ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?» Kumbe vita ile ilifika hata mlangoni petu, juu ya maji ya ziwa Tanganika, na jamaa zetu ndio walioibeba juu ya vichwa vyao. Leo tunataka kusimulia sehemu moja ya habari ile. Wanaoijua ni wachache, na hao wachache wamezoea kuisimulia nusu tu.

VITA INAFIKA ZIWANI

Mwaka 1914 Wadachi walitawala ng'ambo ya mashariki ya ziwa, na Wabelgiji ng'ambo yetu ya magharibi. Mwanzoni serikali ya Ubelgiji ilitumaini kwamba Kongo itakaa nje ya vita. Lakini tarehe 22 Agosti 1914 merikebu ya Wadachi, jina lake Hedwig von Wissmann, ilikuja mbele ya Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie, ikapiga kwa mizinga merikebu ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune. Basi, Kongo ikaingia vitani, na ziwa lote likawa mikononi mwa Wadachi.

Tena Wadachi walikuwa wakitengeneza merikebu kubwa kupita zote, Graf von Götzen. Iliundwa kwao Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000. Masanduku hayo yakavuka bahari hata Dar es Salaam, yakapandishwa treni mpaka Kigoma, na huko merikebu ikaungwa upya. Mwezi wa Februari 1915 ikashushwa majini.

Tufikiri kidogo uchungu wa watu wa pwani ya ziwa. Waholoholo, kwa mfano, wanakaa pande zote mbili. Mapadri Weupe nao walikuwa na misioni pande zote mbili: Mpala na Baudouinville huku kwetu, Karema kule ng'ambo. Wakristu walisali sala moja na kuimba Misa moja. Sasa yale maji yaliyokuwa njia yao ya kutembeleana yakawa mpaka wa vita.

SAFARI YA MASHUA MBILI

Waingereza wakashauriana kuwanyang'anya Wadachi ziwa. Walichagua mashua mbili za mti zenye injini, nyepesi na za mbio, kila moja yapata mita 12 kwa urefu. Mkubwa wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi la majini. Yeye ndiye aliyezipa mashua majina: Mimi na Toutou. Msicheke, hii si «mimi» ya Kiswahili. Kwa Kifaransa Mimi ni jina la kumwita paka, na Toutou jina la kumwita mbwa.

Mashua ziliondoka Uingereza mwezi wa Juni 1915, zikafika Cape Town, zikapandishwa treni kuja kaskazini zaidi ya kilomita 3,000, zikapita Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hata Fungurume. Pale reli ilikwisha. Mbele yao milima ya Mitumba ilisimama kama ukuta. Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, mahali pa kupata reli tena, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na njia inapanda karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kupitisha mizigo mizito hivi haikuwapo.

Basi, kazi ikaanza. Watu wa vijiji waliitwa kukata miti, kuchimba mawe, kufukia makorongo. Walijenga madaraja zaidi ya 100. Mashua ziliwekwa juu ya magari ya magurudumu, zikakokotwa na mashini mbili za moshi zinazotembea bila reli. Zile mashini ziliposhindwa, makundi ya ng'ombe yalifungwa mbele. Na ng'ombe waliposhindwa, watu walishika kamba. Wakati wa kushuka mlima watu walizivuta kwa nyuma, zisije zikaporomoka na kuvunjika.

Tena lilikuwako neno la maji. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vijito vimekauka. Mashini ya moshi bila maji haiendi hata hatua moja. Nani aliyezinywesha? Akina mama wa vijiji vya jirani. Walikwenda mbali kuteka maji, wakarudi na vibuyu na mitungi juu ya vichwa, wakayamwaga katika tumbo la mashini, wakarudi tena. Wazungu waliokuwako waliyaandika wenyewe. Lakini jina la mama hata mmoja hawakuliandika.

Hivyo mashua zikafika Sankisia, zikaenda kwa treni hata Bukama, zikateremka mto Lualaba mpaka Kabalo. Maji ya mto yalikuwa haba, zikafungiwa mapipa matupu ili zielee juu ya mchanga. Kutoka Kabalo zikapanda treni tena, na mwisho wa Oktoba 1915 zikafika karibu na ziwa.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku moja baada ya Noeli, ilikuwa Jumapili. Waingereza walikuwa katika sala zao, mara wakaona merikebu ndogo ya Wadachi, Kingani, inapita. Walimaliza sala, wakashuka majini. Vita haikudumu hata saa moja: Kingani ilitekwa, mkubwa wake amekufa. Wadachi waliokufa wakazikwa kwa heshima. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazamishwa. Tarehe 26 Julai mwaka ule Wadachi wakaizamisha wenyewe Graf von Götzen, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Siku mbili baadaye askari wa Kongo wakaingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora.

NUSU ISIYOSIMULIWA

Hapo ndipo wasimulizi wengi wanapofunga kitabu. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester aliandika hadithi ya kubuni iliyotokana na mambo haya, The African Queen, na mwaka 1951 ikafanywa sinema, ambayo sehemu yake ilipigwa hapa Kongo, karibu na Ponthierville, yaani Ubundu. Dunia nzima ikaitazama. Lakini aliyetazama sinema ile hakuwaona wale akina mama wenye mitungi ya Mitumba.

Na kazi ya Mitumba ilikuwa ndogo tukiilinganisha na mambo yaliyofuata. Jeshi lililokwenda Tabora lilihitaji chakula, risasi, dawa na mizinga, na vyote hivyo vilibebwa na watu. Inakadiriwa kwamba upande wa Kongo peke yake wapagazi wapata 260,000 walitumiwa katika vita ile, wengine kwa majuma machache, wengine kwa miezi mingi. Serikali iliwadai kwa machifu, machifu wakawatoa, na mara nyingi wenyewe hawakuulizwa. Walipanda nchi za baridi bila nguo za kutosha, walikula vyakula ambavyo matumbo yao hayakuvizoea, wakapatwa na kuhara damu na homa ya mapafu. Maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na njia, wala hawakuona adui. Walizikwa kando ya barabara, na majani yakaota juu yao.

Mtu mmoja atasema: «Walilipwa mshahara wao, mambo yamekwisha.» Sisi tunajibu: ni kweli, wengine walipewa franka chache. Lakini kuna deni lisilolipwa kwa franka, nalo ni kukumbukwa. Mtoto aliyemngoja baba yake asirudi, bila habari wala kaburi, alilipwa nini? Mashua iliitwa Mimi, lakini yule aliyeikokota hakuna aliyemwuliza: «Na wewe, jina lako nani?»

ALAMA ZILIZOBAKI

Tusifikiri kwamba mambo haya yamefutika. Alama ziko, tukitaka kuziona.

Alama ya kwanza ni merikebu yenyewe, Graf von Götzen. Mafundi wa Kidachi walipoizamisha walipaka injini zake mafuta mengi, wakitumaini kuirudia siku moja. Wao hawakurudi nayo. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari mpya kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa. Kwa miaka mingi ilibeba abiria, dagaa, mahindi na mananasi kutoka Kigoma mpaka kusini. Na mwaka 1997, vita nyingine ilipokuwa imewakimbiza watu wetu ng'ambo, ni Liemba iliyowarudisha kutoka Kigoma hata Uvira, zaidi ya watu 75,000. Merikebu iliyoundwa siku za ubishi wa wafalme ikawa ya kuwaleta wakimbizi nyumbani. Mungu anajua kuandika sawa juu ya mstari uliopinda.

Alama ya pili ni jina. Mjini Dar es Salaam kuna mtaa na soko, Kariakoo. Jina hilo limetoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliokuwa na kambi pale. Watu wananunua nyanya na vitenge bila kujua kwamba wanataja jina la wapagazi. Wapagazi wa Kongo hawakupata hata soko.

Alama ya tatu ni daftari za misioni. Tarehe 21 Julai 1917, vita ikiwa bado inawaka, Askofu Roelens alimpa upadri Stefano Kaoze kule Baudouinville, padri wa kwanza wa Kongo. Jina lake tunalijua na kulitaja kwa furaha, kwa sababu liliandikwa. Lakini wapagazi walikuwa watu wa kizazi chake. Wengine pengine walisoma katekisimu ile ile chini ya paa moja naye. Kizazi kimoja kilitoa padri mmoja anayejulikana na maelfu ya watu wasiojulikana. Tofauti yao mbele yetu ni wino tu. Mbele ya Mungu hakuna tofauti, maana Yeye hahitaji wino.

TUFANYE NINI?

Wazee walioona mambo haya kwa macho wameondoka wote. Lakini wajukuu wao wako. Katika jamaa nyingi kuna neno linalosemwa bila kuelezwa: «Babu alikwenda na mizigo, hakurudi.» Tusiliache neno hilo life. Tuwaulize wakubwa wetu: Babu huyo aliitwa nani? Alichukuliwa kijiji gani? Alikwenda njia gani? Tuandike katika kijitabu, hata mistari mitatu. Vijana wanaojua kuandika wawe karani wa jamaa zao. Kazi hii haiombi fedha.

Tena kila mwaka, mwezi wa Novemba, tunapoombea marehemu, tunasoma majina ya watu wetu. Mwaka huu, tukimaliza majina tunayoyajua, tukae kimya kidogo kwa ajili ya yale tusiyoyajua: waliokata njia ya Mitumba, waliolala kando ya barabara ya Tabora, na wale akina mama waliozinywesha mashini za watu wengine huku watoto wao wakiwangoja nyumbani na kiu.

Raha ya milele uwape, ee Bwana.