Matembezi ya siku moja katika Msitu wa Mabira: historia iliyo chini ya miti



Ndugu zetu wazazi, kila tunapopanga kuwapeleka wanafunzi wa madrasa kutembea Mabira, huulizwa swali lile lile: kuna somo gani msituni zaidi ya kima na ndege? Tunajibu kwamba kuna somo la historia, tena historia yenye damu ndani yake.

Msitu huu uko kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, na ukubwa wake ni karibu hekta 30,000. Katika mkataba wa mwaka 1900 baina ya Waingereza na Buganda, maili za mraba 1,500 za misitu ziliwekwa chini ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1932 Mabira ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi. Katika miaka ya 1970, zama za Idi Amin, wananchi walihimizwa kulima kwa wingi, na wengi wakaingia msituni wakakata miti na kujenga. Waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Alama za zama zile bado zipo. Vijana watakapopita njiani waangalie sehemu ambazo miti mikubwa imetoweka na umeenea mti mmoja wa jamii ya mforosadi, asili yake Asia. Ulipandwa na wakoloni, kisha ukapata nafasi palipokatwa miti ya asili. Basi mwanafunzi anaweza kuijua ardhi iliyoharibiwa miaka hamsini iliyopita kwa kutazama majani tu.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2007. Serikali ilitaka kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi hekta 7,100, yaani karibu robo ya msitu, ili zilimwe miwa. Wananchi walikataa. Walitumiana ujumbe wa simu kuhimizana wasinunue sukari ile. Ufalme wa Buganda ukajitolea kutoa ardhi mbadala, na dayosisi ya Kianglikana ya Mukono nayo ikafanya hivyo. Wataalamu walieleza kwamba msitu huu hulisha mito, ukiwemo Sezibwa unaoelekea Ziwa Kyoga. Hoja zilikuwa nzuri na haki ilikuwa upande wao.

Lakini tarehe 12 Aprili 2007, maandamano ya Kampala yaligeuka ghasia. Kwa kuwa wenye kampuni walikuwa na asili ya India, baadhi ya watu waliwageukia Wahindi waliowakuta njiani. Mmoja aliuawa na kundi la watu, na polisi walilazimika kuwaokoa wengine waliojificha katika hekalu lao. Waandamanaji nao walikufa siku hiyo. Haya yalitokea katika nchi ambayo mwaka 1972 ilikwisha wafukuza Waasia kwa maelfu.

Oktoba 2007 serikali ilitangaza kuuacha mpango huo. Mwaka 2011 ukafufuliwa, na wananchi wakaupinga tena. Msitu umebaki, alhamdulillah.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye somo. Sisi Waislamu tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe. Kwa hiyo kuutetea msitu si jambo geni kwetu. Lakini Allah ametukataza vile vile kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani. Yule mpita njia hakuuawa kwa kosa alilolifanya, aliuawa kwa sura yake. Jambo jema halihalalishi dhulma, wala ushindi hauifuti.

Tunawaomba wazazi wasiwaambie watoto nusu ya kisa. Wakiambiwa kwamba watu waliuokoa msitu tu, watadhani kila kundi lenye hoja njema lina ruhusa ya kufanya litakalo. Wakiambiwa habari za ghasia tu, watadhani kunyamaza ndiyo busara. Waambiwe yote mawili, kisha waulizwe: wewe ungelikuwepo barabarani siku ile, ungelifanya nini? Swali hilo linafaa kuzungumzwa njiani, chini ya miti yenyewe, na watoto wapewe nafasi ya kujibu kwanza.

Allah atujaalie tuwe wenye kusimamia haki kwa njia ya haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.