Basi la vitanda

Basi la vitanda ni aina ya basi la masafa marefu ambalo ndani yake viti vimebadilishwa na vitanda, ili abiria waweze kulala wakati wa safari ya usiku. Mabasi ya aina hii hutumika zaidi nchini Uhindi na Vietnam. Zamani yalitumika sana pia nchini China.

Yasichanganywe na mabasi ya kawaida ya usiku, ambayo abiria hulala wakiwa wamekaa kwenye viti vinavyolazwa nyuma. Mabasi mengi ya usiku ya Afrika Mashariki ni ya viti.

Muundo

Vitanda hupangwa kwa ngazi mbili, cha chini na cha juu. Nchini Vietnam na China mpangilio uliozoeleka ni safu tatu zenye njia mbili nyembamba katikati. Nchini Uhindi upande mmoja huwa na vitanda vya watu wawili na upande wa pili vya mtu mmoja, na njia moja hupita katikati. Baadhi ya mabasi huchanganya viti chini na vitanda juu.

Nchini Vietnam abiria huvua viatu mlangoni na kuvitia katika mfuko wa plastiki. Kitanda cha juu huyumba zaidi kwenye kona, kwa hiyo wazee na wanaotapika safarini hupendelea cha chini.

Historia

Mabasi ya vitanda yalianza kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1928 kampuni ya Pickwick ya California, Marekani, ilianzisha basi la ghorofa lenye vyumba vidogo vya kulala vya abiria 26, lililobuniwa na Dwight Austin. Mwaka huohuo huduma za namna hiyo zilijaribiwa Uingereza. Hazikudumu: mdororo wa uchumi ulipunguza abiria, na basi la vitanda hubeba watu wachache kuliko la viti lenye urefu uleule.

Katika Asia mabasi haya yalienea kuanzia miaka ya 1990, barabara kuu zilipoboreshwa. Yaliwafaa hasa wafanyakazi wahamiaji, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo, kwa kuwa msafiri huokoa mchana mzima wa kazi pamoja na gharama ya nyumba ya wageni.

Usalama

Hatari kubwa ya mabasi haya ni moto. Abiria wamelala, njia ni nyembamba, na magodoro na mapazia hushika moto haraka. Aliye kitanda cha juu huchukua muda zaidi kushuka, na moshi hujaa kwanza juu.

Nchini China, tarehe 22 Julai 2011, basi la vitanda liliungua karibu na Xinyang, mkoa wa Henan, na watu 41 walifariki. Lilikuwa limebeba kemikali zinazolipuka kinyume cha sheria, pamoja na abiria kupita kiasi. Tarehe 26 Agosti 2012 basi lingine liligonga lori la methanoli karibu na Yan'an, mkoa wa Shaanxi, usiku wa manane. Kati ya watu 39 waliokuwemo, 36 walifariki. Mwaka 2012 serikali ilizuia mabasi mapya ya vitanda kusajiliwa, na ikaagiza mabasi ya masafa marefu yasimame kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri.

Nchini Uhindi, watu wasiopungua 25 walifariki katika basi lililoungua wilayani Buldhana, Maharashtra, tarehe 1 Julai 2023. Tarehe 24 Oktoba 2025 basi lingine liliwaka baada ya kugongana na pikipiki wilayani Kurnool, Andhra Pradesh, na abiria wasiopungua 19 walifariki.

Hatari ya pili ni usingizi wa dereva. Mwili wa binadamu huchoka zaidi kati ya usiku wa manane na alfajiri, hata kwa mtu aliyelala mchana. Kwa sababu hiyo safari ndefu huhitaji madereva wawili wa kupokezana. Katika Umoja wa Ulaya dereva wa basi hupaswa kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu.

Abiria anashauriwa kutambua mlango wa dharura na nyundo ya kuvunjia kioo kabla ya kulala, kufunga mkanda kama upo, na kutoweka mizigo njiani.

Safari za usiku Afrika Mashariki

Nchini Tanzania mabasi ya abiria yalipigwa marufuku kusafiri usiku katika miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali na ujambazi. Mabasi ya mikoa ya mbali yalilazimika kulala njiani. Mwezi Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kuondolewa kwa zuio hilo, na mwezi Oktoba mabasi yalianza kupewa ratiba za saa 24 na LATRA.

Nchini Kenya safari za usiku zilisimamishwa mwishoni mwa Desemba 2017, baada ya ajali ya barabara ya Nakuru–Eldoret iliyoua watu 36. Ziliruhusiwa tena mwaka 2018.

Tazama pia

Basi
Treni
Ajali ya barabarani
Usingizi