Pakingi na Kabari: Historia ya Geti Valvu katika Maji ya Bomba

Historia ya maji ya bomba katika nyanda za Mbulu nchini Tanzania, Dongobesh ikiwemo, husimuliwa zaidi kwa visima na matangi, ilhali mtandao wowote wa mabomba huishi au hufa kwa geti valvu, yaani kifaa chenye bamba linaloshushwa kwa mhimili wenye hesi ili kukata mkondo wa maji. Valvu hiyo huziba mahali pawili: kwenye kiti, ambapo bamba hukalia, na kwenye pakingi, yaani kamba laini inayouzunguka mhimili na kukandamizwa na glandi ili maji yasipenye juu.

Pakingi ndiyo kongwe, kwa kuwa mfano wake ulikuwamo katika pampu ya Mwingereza Samuel Morland ya mwaka 1675. Kiti cha kabari kilisubiri hadi 1839, James Nasmyth alipobuni bamba la umbo la kabari lenye nyuso mbili kwa ajili ya maji ya London, likabana pande zote mbili kadiri lilivyoshuka, ingawa kishimo kilichoachwa chini ili kulipokea kilikusanya mchanga na kutu, na valvu iliyokaa miaka bila kuguswa haikufunga tena.

Tanzania ilipoanzisha mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400, matengenezo yalibaki mikononi mwa serikali, na hapo ndipo palipokuwa na udhaifu, kwa sababu pakingi ni kitu cha kuchakaa kwa makusudi: katani iliyopakwa mafuta hukauka, glandi hukazwa kidogo kidogo (ikikazwa mno mhimili hukwaruzika), na kamba ikiisha huhitajika mpya, jambo la dakika chache kwa aliye jirani na la miezi kwa anayemngoja fundi wa mbali. Sera ya maji ya 1991 iliwataka watumiaji wachangie, na tangu 2019 Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) umevisimamia vyombo vya watumiaji hao vijijini.

Kabari za siku hizi huvikwa mpira, kishimo kimeondoka, na oringi za mpira zimechukua nafasi ya pakingi. Lakini oringi ikichakaa hakuna glandi ya kukaza, na wakati mwingine valvu nzima hubadilishwa, hivyo ujuzi wa kukata kamba kwa mshazari na kupishanisha viungo vyake unazidi kuwa wa mafundi wazee.