Tauni ya Watu, Sotoka ya Ng'ombe

Wengi wetu tulikariri shuleni kwamba tauni ya Ulaya ilimnufaisha mkulima mdogo. Hoja yenyewe inajulikana: ugonjwa ulifika Uingereza mwaka 1348, ukaua kati ya theluthi na nusu ya watu, vibarua wakawa adimu, ujira ukapanda. Makabaila wakashtuka, wakatunga sheria ya mwaka 1351 ya kuushusha, na chuki ile ikachangia uasi wa wakulima wa 1381. Sawa. Ninachokataa ni kuigeuza hadithi hii kanuni ya kila gonjwa.

Hebu tutazame sotoka. Iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1891 ilikuwa imekwishafagia Umaasaini. Inakadiriwa kuwa ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Sisi wa huku Wazo, tunaomjua ng'ombe akiwa amening'inia buchani, tutauliza: kwani si ng'ombe tu? Kwa mfugaji yule ng'ombe ndiye maziwa, ndiye mahari, ndiye akiba, ndiye undugu. Tauni iliua mfanyakazi ikaziacha nyenzo za uzalishaji. Sotoka iliua nyenzo ikamwacha mfanyakazi mikono mitupu. Kisha njaa na ndui vikamfuata yeye mwenyewe. Wamaasai wakakiita kipindi hicho Emutai, yaani maangamizi.

Oscar Baumann, Mwaustria, alipita Ngorongoro mwaka 1892. Anasimulia juu ya wanawake waliobaki mifupa, na wazazi waliotaka kutoa watoto wao wapewe kipande cha nyama. Msafara ulipokataa, wakawaacha watoto karibu na kambi wakatokomea. Ukurasa huo ni mzito. Lakini tumsome kihakiki: Boccaccio aliandika juu ya tauni ya Florence, mji aliokuwa wake, Baumann ametumwa na kamati ya Kijerumani, na jicho lile lile linaloona huruma ndilo linalochora ramani.

Ramani ya nini? Waliosalia walikwisha kutawanyika, wengine wakihifadhiwa na wakulima kama Waarusha. Malisho yakaota vichaka, mbung'o wakaingia. Nyika ikaonekana tupu. Ndipo Novemba 1895 ikatoka amri ya Kaisari kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali yake. Mfugaji aliyekuwa Meru akiomba chakula angewezaje kuthibitisha kuwa yeye ndiye mwenyewe?